Simu ya Kukaa Pindoni

Bashiri, muuza simu, alikilaza kijiti changu cha ufagio juu ya simu ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, halafu akanitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyegoma kuinuka.

"Kaka Adriano, sema ukweli. Unatafuta simu au unatafuta fagio?"

Mkewe, Husna, alikuwa nyuma yake anatundika chaja kwenye misumari. Alicheka mpaka chaja zikamwanguka. Mimi sikuwa na cheko. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi asubuhi Coleta angepanda gari la kushuka Mtowisa, na sikujua kama angerudi akiwa bado wangu. Alikuwa ameniomba kitu kimoja tu, simu janja iliyo ndogo, na mimi nilikuwa nimeingia kila duka la simu hapa Sumbawanga na kile kijiti kwenye mfuko wa shati, nikatoka kila duka nimekasirika kuliko nilivyoingia.

Kijiti Coleta alikivunja mwenyewe. Alikuja karakana kwangu Chanji, ninapochomelea mikokoteni ya ng'ombe, akasimama mlangoni kama mtu anayepita tu. Nilimuuliza ile simu niliyompa baada ya Krismasi iko wapi, mbona haipatikani. Akasema ameiweka. Nikamuuliza ameiweka wapi. Akasema ameiweka, basi. Kisha akachomoa njiti kwenye ufagio wangu, akaipima kwenye pindo la kanga yake pale kiunoni, mahali ambapo wanawake hufunga vitu vyao wakienda shamba, akaivunja na kunipa.

"Nitafutie inayolingana na hii," alisema. "Iwe ya kuonana sura, lakini isizidi hapa. Ile ni kubwa, Adriano. Nikiinama haikai."

Alinitazama alipokuwa akisema hivyo. Macho ya Coleta yana tabia ya kukaa juu ya mtu kidogo zaidi ya inavyotakiwa, halafu yanashuka yenyewe, kama yameshtuka. Mwanamume wa umri wangu anajua macho ya namna hiyo hayamjii mara nyingi. Nikakipokea kijiti kama mjinga, nikakitia mfukoni, nikasema nitaipata.

Lakini neno lile lilinichoma. Ile simu ya kwanza niliichagua kwa sababu ya ukubwa wake. Nilitaka uso wangu ukitokea pale utokee wote, na wake ukinijia uje wote. Nilidhani nimempa mwanamke kitu cha heshima. Kumbe nimempa ubao.

"Siku hizi zinatengenezwa hizi hizi," Bashiri alisema na kunirudishia kijiti. "Watu wanaangalia mpira humu ndani, wanaangalia tamthilia. Nani ataangalia tamthilia kwenye kibiriti?"

"Mwanamke anayelima."

"Mwanamke anayelima mpe kitochi. Hiki hapa. Kina redio, kina tochi, kinakaa na chaji wiki nzima."

Nikamwambia kitochi hakionyeshi sura. Akasema basi nimpelekee picha. Hapo Husna akaacha kucheka, akaja kuegemea kaunta kando ya mumewe.

"Shemeji, usinichukie," alisema. "Mimi nikitaka kumkataa mwanamume kwa adabu, namwagiza kitu ambacho hakipo."

Bashiri alimwambia anyamaze. Hakuwa na haja, maneno yalikuwa yameshaingia na yalikaa. Nilitoka pale bila kuaga.

Nilikuwa nimeshajaribu kila njia. Isdori, dereva wa lori anayekwenda Kasesya, nilimwagiza aniulizie mpakani kwa Wazambia. Akarudi na picha ya simu kubwa kuliko zote nilizowahi kuona, akasema huko nako ndizo wanazotembea nazo, wengine wamezining'iniza shingoni kwa kamba. Duka moja la karibu na soko walinitolea inayokunjwa katikati. Nikafurahi, nikaikunja, nikaweka kijiti. Urefu ulikubali, lakini unene ulikuwa kama wa mkate, na kwa bei yake ningeweza kupata ng'ombe wa kukokota na mkokoteni wake.

Halafu siku hiyo hiyo ya Alhamisi, jioni, nikaipata. Fundi wa simu mmoja karibu na stendi alikuwa nayo kwenye boksi la vitu vibovu. Nyeusi, nyembamba, inalala kwenye kiganja kama kipande cha sabuni kilichotumika. Niliweka kijiti juu yake, vikaenda sawasawa. Fundi akaichomeka kwenye umeme, ikawaka, kioo kikaangaza. Nikamwambia aweke ile ya kuonana sura. Akahangaika nayo, akaizima, akaiwasha tena, akanirudishia.

"Haikubali. Imepitwa."

"Imepitwa na nini?"

"Na wakati, mzee. Unaweza kupiga nayo. Na kuangalia saa."

Niliiacha mezani kwake. Nilirudi nyumbani kwa miguu na manyunyu yananipiga usoni, na njia nzima nilikuwa nagombana na Husna kichwani mwangu, na njia nzima Husna alikuwa ananishinda.

Maana kulikuwa na mambo yaliyomuunga mkono. Coleta ni mjane. Mumewe, marehemu Maganga, alikuwa mtu wa ng'ombe huko bondeni Mtowisa. Alipofariki Coleta akarudi kwa wazazi wake, huku juu, kijijini upande wa barabara ya Namanyere. Mimi nilikwenda kwao mara moja kusema nia yangu. Mama yake alikuwa kwa dada yake Namanyere siku hiyo. Baba yake, Mzee Yusto, alinisikiliza bila kusema kitu. Aliyejibu ni Modesti, kaka yake mkubwa, na alijibu kwa niaba ya ukoo mzima. Alisema mtu aliyefika umri huu bila kufunga ndoa kanisani ana kasoro. Akasema mpaka wao waridhike, hataki kusikia dada yake anapokea kitu chochote kutoka kwangu. Simu nilimpa Coleta kwa siri baada ya hapo.

Na sasa wazazi walikuwa wameamua ashuke Mtowisa, akae kwa ndugu wa marehemu mpaka watakaporidhika kumwachia. Huko kuna shemeji zake, wanaume wazima wenye mifugo. Nilipomuuliza Coleta kwa nini, baada ya miaka yote hii, alisema ni mambo ya marehemu, na hakutaka kuendelea. Nilianza kuamini bado anampenda. Utapigana vipi na mtu aliyekufa? Hazeeki, hakosei, hatoki jasho. Nilimwonea wivu Maganga mpaka chakula kikawa hakishuki.

Ijumaa asubuhi Modesti alileta gurudumu la mkokoteni wao. Hanipendi, lakini chuma kikikatika anajua pa kukileta. Coleta alikuwa nyuma yake na kikapu, wamekuja mjini kununua vitu vya safari. Modesti alilishusha gurudumu, akaniambia atapita mchana kulichukua, wakaondoka pamoja bila Coleta kugeuza shingo. Nilikuwa nimeanza kupasha chuma moto niliposikia viatu vya mpira mlangoni. Alikuwa amerudi peke yake.

"Amekwenda kuangalia mbolea," alisema. "Umeipata?"

Nilizima mashine. Nilitoa kijiti mfukoni, nikakiweka juu ya gurudumu kati yetu.

"Haipo."

"Hata moja?"

"Hata moja. Nimeulizia mjini, nimeulizia mpakani. Wamenicheka kila mahali. Coleta, kama hunitaki niambie hapa hapa, nitakusikia. Usinitume kutafuta kitu ambacho hakijatengenezwa."

Alishtuka kama nimempiga. Nilikuwa nimeshaanza, sikuweza kusimama.

"Simu yangu umempa nani?"

"Sijampa mtu."

"Modesti kaichukua."

"Modesti hajui kama ipo."

"Umeiuza?"

"Adriano, usiniulize kama mgambo."

"Basi iko wapi?"

Alikitazama kile kijiti. Alikuwa amevaa kanga ya kijani iliyopauka kwa jua, na vidole vyake vilikwenda kwenye pindo lake vikawa vinalifungua na kulifunga, vinalifungua na kulifunga. Nje mtu alikuwa anapita anauza mkaa. Coleta alisubiri apite.

"Iko kwenye ntumba," alisema.

Nilidhani sijasikia vizuri. Kwetu Ufipa, mvua zikianza kupungua, watu wanalima ntumba. Unakata nyasi pamoja na udongo wake kwa jembe, unageuza, nyasi zinaingia ndani na udongo unakuja juu, unajenga tuta la mviringo kama chungu kilichofunikwa. Nyasi zinaoza humo mpaka msimu unaofuata, ndipo unalisambaza na kupanda. Shamba zima linakuwa matuta yaliyokaa kama watu wamejifunika blanketi. Hakuna anayefungua ntumba kabla ya wakati wake.

"Nilikuwa nimeifunga hapa," alisema akigusa kiuno. "Nilikuwa nainama, nainuka, nainama. Haikukaa. Nimefika mwisho wa shamba nikapapasa, haipo. Nikajua nimeigeuza na nyasi, nimeifunika kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini kwenye tuta lipi, Adriano? Nilikuwa nimelima tangu asubuhi."

Niliketi juu ya gurudumu. Nikamuuliza kwa nini hakuchimba.

"Ningechimba. Lakini wewe ulipiga."

"Nilipiga lini?"

"Jioni hiyo hiyo. Ukapiga na kesho yake. Ulipiga sana."

Alisema hivyo taratibu, akaniangalia, akasubiri nifike mwenyewe. Nilifika. Nilipomnunulia ile simu alisema hapendi mlio wake, unamshtua, basi nikachukua simu nikajirekodi sauti yangu nikaiweka kuwa ndiyo mlio. Tulicheka sana siku ile. Nilikuwa nimesema, Coleta, pokea. Ni mimi. Pokea, Coleta.

"Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia," aliendelea. "Alikuwa anapita na kuni. Anasikia mtu chini ya ardhi ananiita jina. Sauti nzito, iko mbali, kama mtu yuko ndani ya pipa. Inasema ni mimi. Akaziangusha kuni, akamkimbilia baba. Baba akaja, akasikia na yeye. Walikusanya simu zote za nyumbani wakaziweka mezani, zote zipo. Mimi wakaniuliza, nikasema sina simu. Sasa ni nani ananiita kutoka ardhini na kusema ni mimi?"

"Maganga," nilisema.

"Marehemu. Mama alisema hajaniachia."

Wiki zote hizo nilikuwa nakonda kwa kumwonea wivu yule marehemu, kumbe yule marehemu nilikuwa mimi. Sikujua kama nicheke au nipige kitu nyundo. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile ile.

"Nilisema nitasema kesho. Kesho yake mama hakula. Kesho kutwa katekista alikuwa amekuja na maji ya baraka, anazunguka shamba, watu wanaimba nyuma yake, na baba amevua kofia kwenye mvua. Ningesemea wapi hapo? Wamenikataza hata kukanyaga upande ule." Alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nikasema basi, niende Mtowisa ili mama apate usingizi. Nikiwa na simu ndogo utanipigia, nitakuona, ndugu wa marehemu hawataiona. Ndiyo maana nilitaka ndogo. Sikukutuma ili kukukataa. Nilikutuma nisije nikakupoteza mara ya pili."

Nilimtazama mwanamke yule. Alikuwa na tope la kijijini kwenye kisigino, na nywele zimetoka kidogo chini ya kilemba upande wa sikio, na nilitaka kuzirudisha kwa kidole changu, lakini mkono wangu ulikuwa mweusi kwa masizi. Hasira yangu yote ilikuwa imekosa mahali pa kukaa. Lakini haikuwa imekwisha.

"Mimi si tumbaku ya kufungwa kwenye kanga," nilisema. "Nimechoka kufichwa. Hata ningeipata hiyo simu ndogo leo, nisingekupa."

"Basi unataka nini?"

"Modesti akirudi namwambia."

"Atakupiga."

"Anipige. Gurudumu lake liko kwangu."

Alicheka huku anaendelea kufuta machozi. Halafu akanyoosha mkono, akagusa masizi ya kidole changu kwa kidole chake, mara moja tu, akakiacha. Modesti alikuwa anaingia.

Nilimwambia. Nilisimama, nikamwambia kwamba wazazi wake hawajaitwa na marehemu, kwamba sauti ile ni yangu, kwamba nilimpa dada yake simu na iko shambani kwao kwenye tuta. Modesti alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Coleta.

"Anasema kweli huyu?"

"Anasema kweli, kaka."

"Mama kakonda mwezi mzima."

"Najua, kaka."

Nilidhani angenirukia. Alivuta pumzi puani, akaliangalia gurudumu lake ambalo halijaungwa, akaliangalia jembe langu nyuma ya mlango. Alisema vizuri, twende, ukamwambie mzee hayo hayo, na kama simu haipo nitakuzika kwenye hilo tuta mimi mwenyewe. Tulipanda pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, yeye mbele na dereva, mimi na Coleta nyuma na kikapu cha safari kati yetu. Upepo ulikuwa mkali, ule wa kwetu unaoingia mpaka kwenye mifupa. Coleta alijifunika kanga ya pili, akatupa upande wake mmoja juu ya magoti yangu bila kunitazama. Modesti aligeuka mara moja akaona, akageuka mbele.

Mzee Yusto na mkewe, Mama Cornelia, walikuwa wanapalilia maharage karibu na nyumba. Nilitoa shikamoo, wakaitikia marahaba. Modesti aliniambia sema. Nilisema. Nilipofika kwenye ile sauti, Mama Cornelia aliweka jembe chini na kushika mdomo. Hakuamini. Alisema yeye ni mtu mzima, amesikia simu nyingi, ile haikuwa simu. Ile ilikuwa sauti ya mtu anayeteseka.

Mzee Yusto alilitia jembe lake begani. Alitangulia kwenda shambani, sisi tukamfuata.

Matuta yalikuwa mengi, yamekaa safu kwa safu mpaka bondeni, mvua imeyalainisha juu. Coleta alionyesha pale alipoanzia siku ile na pale alipogundua. Hakukuwa na njia nyingine. Nilivua koti, nikaanza kufungua.

Kila tuta nililolifungua lilinitia aibu. Zile ni kazi za mikono ya watu. Nyasi zilikuwa zimeanza kuoza, zina joto, zinatoa harufu nzito, na mimi nazimwaga juu kwenye baridi kabla ya wakati wake. Nilikuwa nasikia Mama Cornelia nyuma yangu akishtuka kwa kila jembe linaloshuka. Majirani walianza kusimama mpakani mwa shamba. Mmoja alimuuliza Modesti fundi wa mikokoteni anafanya nini, na Modesti akasema anatafuta mchumba, na wakacheka, na mimi sikuinua kichwa. Mgongo uliniuma. Mvua ikaanza, ikakatika. Nilifungua safu moja ikaisha, nikaanza ya pili. Nilianza kufikiri labda panya buku wameivuta, labda mtu ameipata, labda Coleta amekosea, na Jumamosi ni kesho.

Hapo Coleta alitoka kwa mama yake, akachukua jembe la baba yake mkononi mwake bila kuomba, akaja akasimama safu iliyo pembeni yangu. Akaanza kufungua na yeye. Nilisikia pumzi zake na nikasikia zangu.

Jembe langu liligonga kitu. Halikuwa jiwe, maana jiwe lina mlio wake. Nilipiga magoti, nikaingiza mikono kwenye nyasi za moto, nikaitoa. Imejaa tope, ina ufa kona hadi kona, pana kama sahani. Nilikuwa nimeilaani simu ile kwa ukubwa wake, na sasa nilishukuru. Ndogo kama ile ya kijiti ningeipita na jembe bila kujua.

Nilimpelekea Mzee Yusto. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifuta kwenye suruali, akaibonyeza. Haikuwaka. Akampa mkewe.

"Simu naiona," Mama Cornelia alisema. "Sauti siisikii. Simu inaweza kuwa imedondoka, na marehemu akawa ameita. Vyote viwili vinaweza."

Modesti alifungua mdomo, Mzee Yusto akamzuia kwa mkono.

Hapo nilielewa kilichobaki. Nilirudi kwenye tuta lililokuwa halijafunguliwa. Mbele ya majirani, mbele ya Modesti, nilipiga magoti kwenye tope, nikachimba tundu kwa mkono, nikaingiza uso wangu kwenye nyasi zinazooza mpaka masikio. Nikasema kwa sauti yangu yote.

"Coleta, pokea. Ni mimi. Pokea, Coleta."

Nilisema tena. Udongo uliniingia mdomoni, nikayasema na udongo wake. Nilikuwa nimeyasema maneno yale mara ya kwanza kwa mchezo, nimekaa karakana, mwanamke anacheka mbele yangu. Sasa hayakuwa mchezo, na sauti ilinikatika mwishoni.

Nilipotoa kichwa, Mama Cornelia alikuwa ameketi chini kabisa, juu ya nyasi zilizomwagika, ameshika tumbo. Nilidhani analia.

"Ndiye huyu," alisema. "Yusto, ndiye huyu. Jamani, nimefunga kula kwa ajili ya fundi wa mikokoteni."

Majirani walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mama Cornelia naye alicheka, kisha akalia kweli, kisha akaniuliza kama nimekula tangu asubuhi. Mimi nilikuwa simtazami yeye. Nilikuwa namtazama Coleta. Alikuwa amesimama na jembe la baba yake, tope mpaka magotini, na safari hii macho yake hayakushuka. Alisogea mpaka nikaona ukungu wa pumzi yake.

"Nimepokea," alisema.

Alisema kwa sauti ya chini, lakini kaka yake alisikia, na baba yake alisikia. Modesti aligeuka akaangalia upande wa barabara. Mzee Yusto alikohoa. Tangu nimjue, sikuwa nimewahi kusikia anaongea zaidi ya salamu.

"Kesho hakuna Mtowisa," alisema. "Mama yako atalala." Kisha akanigeukia mimi, akaonyesha safu mbili za matuta yaliyopasuka. "Hizi umezivunja wewe. Utazijenga wewe. Uje na jembe lako, na usije siku moja ukaona basi. Ukishamaliza hizi, kuna ule upande ambao tuliuacha kwa ajili yako ulipokuwa marehemu."

"Ndiyo, mzee."

"Na ndoa ni kanisani."

"Ndiyo, mzee."

Modesti alisema polepole, bila kugeuka, kwamba gurudumu lake bado linahitajika. Nikamwambia atalipata.

Mama Cornelia alimrudishia Coleta simu. Coleta aliipangusa, akaifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo, akaanza kupanda kwenda nyumbani mbele yetu sote. Hakufika mbali. Aliinama kuokota kikapu, na lile dubwana likateleza kiunoni, likaanguka kwenye tope mbele ya baba yake.

Aligeuka akaniangalia.

"Umeona," alisema.

Nilipapasa mfuko wa shati. Kijiti kilikuwa kimebaki mjini, juu ya gurudumu. Nilimwambia Jumatatu nitarudi kwa Bashiri.